Saa za Mama Zinaishia Izki

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nawaandikieni nikiwa ndani ya gari, nimeegesha nje ya ukumbi hapa Nizwa, Oman, maana najua video ishaanza kuzunguka. Bora mlisikie kwangu kabla hamjaletewa na watu wanaopenda kutia chumvi.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Wengine wanafuatilia tamthilia za Kituruki, mimi Rahma wa Ibra nafuatilia sheria. Ikitoka rasimu yoyote inayogusa watoto, uzazi, matunzo au skuli, nishaisoma kabla chai haijapoa, na kina mama wa kundi letu, Waomani tuliolelewa kwa Kiswahili, nishawatumia sauti kuwaeleza kwa lugha yetu. (Wananiita Bi Kanuni. Nilidhani ni sifa. Leo sina hakika.)

Basi hivi karibuni imetoka rasimu ya kanuni kuhusu kina mama wenye watoto wenye ulemavu. Inasema mama aliyeajiriwa apewe saa za ruhusa kila wiki, ampeleke mtoto kwenye matibabu. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni! Halafu nikairudia kuisoma, kigelegele kikakatika. Saa zenyewe zinaanza kuhesabiwa pale mama anapotoka mlangoni kazini.

Mdogo wangu Thuraya ana binti, Shamsa. Miguu yake haijapata nguvu, na mazoezi yake yako Nizwa. Sisi tuko Ibra. Saa hizo za rasimu zinakwisha gari liko Izki, hata Nizwa halijafika, mtoto bado amefungwa mkanda kiti cha nyuma. Mpaka sasa Thuraya anatumia likizo yake ya mwaka, anaimaliza barabarani kipande kwa kipande, na kazini wameshamwambia ikiisha achague: kazi au mazoezi. Na haya yanakuja sasa hivi, ambapo Shamsa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Anasimama, anatutizama mmoja mmoja kuona kama tumeona, ndiyo anakaa.

Kamati inayoiandika rasimu ikatangaza kikao cha kusikiliza maoni ya watu, leo asubuhi, Nizwa. Nikajiandikisha. Thuraya akanambia, "Da Rahma, sitaki makubwa. Waambie tu wahesabu na njia."

Mtu mwenye akili angeyachukua maneno hayo machache akaenda nayo. Mimi nikaandika hotuba.

Hotuba ya Kiarabu fasaha, kile cha kwenye taarifa ya habari. Nimeifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, mkono unapanda, mkono unashuka. Mume wangu alipita siku moja akasimama mlangoni akaniuliza, "Kwani unagombea nini?"

Asubuhi nikampitia Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Ati anakuja kuniunga mkono. (Anakuja kununua halwa. Kikapu alikuwa nacho tayari.) Tukafika ukumbini mapema, tukakaa mstari wa mbele kwa sababu masikio ya Mama Mkubwa yamechoka. Mbele yetu kamati: mabwana na bibi mmoja, na katikati mwenyekiti, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inatisha, na uso umekunjwa. Pembeni kuna kamera, kikao kinarushwa moja kwa moja mtandaoni. Nikaiona kamera. Nikarekebisha mtandio. Naomba mkumbuke kwamba niliiona.

Sasa nyinyi ni wenzangu, sina haja ya kuwaficha. Sisi tukitaka kumsema mtu aliye mbele yetu, iwe dukani, hospitalini au hata kilioni, tunafanyaje? Tunahamia Kiswahili. Mimi nimefanya hivyo tangu utoto na sijawahi kukamatwa. Na kwa kuwa Mama Mkubwa hasikii vizuri, kusengenya naye kunataka sauti.

"Huyu aliyekaa kati mbona kanuna?" akaanza. "Kama kanywa shubiri."

"Ndiyo mwenyekiti, Mama Mkubwa. Ndiyo kazi yake, kununa."

"Na kilemba kile! Nani kamfunga? Kimelala upande mmoja."

Hapa ndipo mtu aliyelelewa angemwambia mzee wake, basi, tunyamaze. Mimi nikasema, "Pengine kagombana na mkewe asubuhi. Kajifunga mwenyewe."

Tukacheka. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu akaingiwa na kikohozi kikubwa. Nikamwonea huruma, nikadhani mafua. Mwenyekiti hakugeuka wala hakutikisa hata ukope. Akaandika kitu. Wallahi sikushtuka hata kidogo.

Jina langu likaitwa. Nikaenda kwenye meza ya wasemaji, hatua chache tu kutoka alipokaa Mama Mkubwa. Kuna kipaza sauti chenye kitufe. Nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka.

Nikaanza hotuba. Nikamshukuru Mungu. Nikaishukuru kamati. Nikaushukuru mji wa Nizwa, ngome yake na wanazuoni wake waliotangulia. Nikaeleza familia ni nini, nikaeleza mtoto ni nini (kana kwamba walikuwa hawajapata kumwona mtoto). Mkono ukapanda, mkono ukashuka. Nilikuwa najisikia vizuri, sina budi kusema kweli. Ndiyo kwanza naingia sehemu ya umuhimu wa jamii katika historia, mwenyekiti akainua kidole.

"Ya ukhti," akaniita dada kwa Kiarabu, "wakati wako umekwisha. Ombi lako hasa ni lipi?"

Ombi! Ombi lilikuwa mwisho kabisa wa hotuba. Shamsa alikuwa mwisho kabisa wa hotuba! Nikalitafuta kwenye simu nilikoiandika hotuba, nikapitiliza, nikarudi nyuma, macho yakajaa machozi sioni kitu. Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti ili kizime. Nilidhani nimebonyeza. Taa bado nyekundu, nami nikajiambia nyekundu maana yake kimefungwa, kama ilivyo barabarani. Nikamgeukia Mama Mkubwa, yakanitoka.

"Umemuona, Mama Mkubwa? Umemuona? Ananikata kabla sijafika kwa Shamsa! Hawa hawajui kitu. Hizo saa wanazompa mama zinaishia Izki! Zinakwisha mtoto yuko ndani ya gari, hata mlango wa hospitali hajauona! Thuraya anamaliza likizo yote njiani, mpaka arusi ya ndugu yetu Salma hakuja, na sasa watamfukuza kazi, na mtoto ndo kwanza anasimama! Huyu mnunaji angembeba Shamsa siku moja tu, kutoka garini mpaka kwenye kitanda cha mazoezi, huku mtoto analia 'mama basi, mama basi', angejua njia ni nini! Kukaa hapo na kilemba upande ni rahisi!"

Mama Mkubwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinisikia vizuri. Nikajiuliza kwa nini. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka ukutani: "...upande ni rahisi."

Halafu yule wa kikohozi akashindwa. Akapasuka kicheko. Akafuatia mwengine, na mwengine, mpaka mstari wa nyuma kabisa. Kumbe nusu ya ukumbi ni wetu! Watu wametoka Sur, wametoka Samail, wamekaa kimya muda wote wanatusikiliza kama redio.

Nikasema moyoni, hewala, wacheke. Maadamu mwenyekiti hakufahamu.

Mwenyekiti akavua miwani. Akaipangusa taratibu. Akamwangalia Mama Mkubwa, si mimi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mama Mkubwa kwa mazoea. Kisha akashika mdomo. "Wee! Kumbe unajua?"

"Bibi yangu ndiye aliyenilea, mtu wa Unguja mjini. Ndani hakukusemwa lugha nyengine." Kiswahili chake, jamani! Kimenyooka kuliko changu. "Na kilemba nimejifunga mwenyewe, ni kweli. Mke wangu yuko kwao Samail, anamtizama mamake. Hatukugombana."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na hotuba yangu. Nikajaribu kuomba radhi, ikatoka nusu Kiarabu nusu Kiswahili na katikati nikamwita "mheshimiwa mnunaji". Ndiyo. Nilimwita hivyo, mbele ya kamera ile ile.

Akanyanyua mkono. "Binti yangu, hotuba yako ya Kiarabu ilikuwa nzuri sana. Lakini sikujua unataka nini. Hapa ulipogomba ndipo nilipofahamu. Hebu rejea pale penye Izki."

Nikarejea. Safari hii sikupandisha mkono wala kushusha. Nikasema kwa Kiswahili kitupu kwamba mama wa Ibra anatoka kazini, anamchukua mtoto, anashika njia, na saa alizopewa zinakwisha kabla hajafika. Nikasema mtoto ameanza kusimama. Nikasema tunaomba wahesabu na njia. Basi, nikawa nimemaliza. Yote yalichukua muda mfupi kuliko shukrani zangu kwa ngome ya Nizwa.

Mwenyekiti akawageukia wenzake akawafasiria kwa Kiarabu, mpaka lile la "mama basi". Yule bibi wa kamati akauliza, "Kwa hiyo saa zianze mlangoni pa hospitali, si mlangoni pa kazi?" Mwenyekiti akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akamwambia karani aandike: muda wa njia usihesabiwe ndani ya saa za ruhusa. Akataka asomewe. Akasomewa. Nikalia mbele za watu kama mtoto, wala sioni haya kulisema hilo.

"Sikuahidi kitu," akanambia. "Rasimu ina njia ndefu, na wako watakaoikataa. Lakini imeshaandikwa, na nitaisimamia mwenyewe."

Nilidhani aibu imekwisha. Nikasahau nimekuja na nani. Mama Mkubwa alishainuka, akafika mezani kwangu, akainamia kipaza sauti (bado chekundu!).

"Mwanangu, bibi yako alikuwa mtoto wa nani? Mtaa gani? Na mke akiwa Samail, leo unakula nini?"

"Mama Mkubwa, twende," nikambembeleza.

"Niache! Mtu hajala!" Akamgeukia tena. "Pita Ibra, nikupikie. Na kilemba nikufunge."

Na mwenyekiti yule aliyenuna tangu asubuhi akacheka mpaka akafunika uso kwa mikono. Karani akauliza kama na hilo aliandike.

Nilipotoka nje, simu inalia haiachi. Kundi zima lilikuwa likitizama. Mmoja keshanitumia picha yangu mdomo wazi. Mume wangu kaniandikia, "Kwa hiyo umeshinda au umekamatwa?" Kisha akapiga Thuraya. Alikuwa kazini, chooni kajifungia ili acheke. Akacheka, akacheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, nami nikamwacha alie. Mwisho akasema, "Da Rahma, wameandika? Umeona kwa macho yako wakiandika?"

"Nimeona," nikamwambia. "Wameandika, wakasoma."

Sasa hivi namsubiri Mama Mkubwa atoke. Yuko ndani bado, wanatafutana ukoo.

Basi wenzangu, chekeni, nawapa ruhusa. Lakini kila atakayecheka kwanza aiandikie kamati maoni yake kuhusu njia, maana mlango bado uko wazi na sauti moja haitoshi. Na mkiwatukana, msijisumbue kutafuta lugha ya siri. Wanazijua zote.