Mzinduzi Mkuu na Kituo cha Uzazi cha Gishubi

Inatangazwa kwa umma kwamba nchini mwetu hakuna tena jengo ambalo halijazinduliwa. Yaliyokamilika yamezinduliwa. Yasiyokamilika yamezinduliwa. Yapo hata ambayo hayajaanza kujengwa, nayo yamezinduliwa, na wageni walishangilia uwanja mtupu kwa nidhamu ya hali ya juu.

Mafanikio haya ni maono ya mtu mmoja, Mheshimiwa Sefu Aboubakar, Mkurugenzi Mkuu wa Ofisi ya Kitaifa ya Uzinduzi. Mimi ni Elias, Mkuu wake wa Itifaki. Nilikulia Tanzania, nikarudi nyumbani na Kiswahili cha kutosha kuandika hotuba. Yeye anasema, mimi nasafisha.

Mheshimiwa alianza maisha akiuza rangi Muyinga, karibu na soko. Mwaka mmoja wageni wakubwa walitarajiwa kupita mjini, na wenye maduka wakaamriwa wapake rangi. Wakalalamika kwamba rangi ni ghali. Sefu akawakusanya.

"Mgeni iko napita barabarani," aliwaambia. "Ataona mbele tu. Nyuma ataona nani? Mbuzi. Na mbuzi hapigi kura."

Akawauzia wote rangi ya ukuta mmoja mmoja. Mtaa ukang'aa. Msafara ukapita kwa kasi, na ndani ya gari la mbele mtu mmoja akainua mkono. Sefu aliuona mkono ule, na hapo ndipo siasa ilipomwingia.

"Mama Raissa, umeona? Amenisalimia!" alimwambia mkewe Hidaya, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia duka.

"We Sefu, yule alikuwa nafukuza nzi."

"Hapana. Ile ni salamu. Mi niko mtu wa taifa sasa."

Hidaya akarudi kupima rangi ya mteja. Mumewe akagombea ubunge, akashinda, na haikupita muda akakabidhiwa Ofisi yetu mpya mjini Gitega, pale Magarama, juu ya duka la fundi simu. Falsafa ya Ofisi ni nyepesi: kujenga kunachukua miaka na kunaleta maswali, kuzindua kunachukua asubuhi moja na kunaleta soda.

Sasa nieleze ya Gishubi, kwa sababu yamesemwa mengi na watu wasio na cheo.

Wakulima wa kilima kimoja kule walikuwa wamebeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao ili wapate kituo cha uzazi, maana wake zao walikuwa wakijifungulia njiani kuelekea mjini. Kuta zilisimama, bati likawekwa, na kazi ikaishia hapo. Ofisi yetu ikaingilia kati kwa kupaka ukuta wa mbele rangi ya samawati na kuchora mama na mtoto. Mchoraji alikuwa amezoea mabango ya vinyozi, kwa hiyo mtoto alitoka kama bwana wa makamo aliyetoka kunyolewa. Ndani hakukuwa na kitanda, maji wala mkunga.

Nilimdokeza Mheshimiwa jambo hilo kwa lugha ya kiofisi.

"Elias," akanijibu, "sisi tunazindua. Kufanya kazi, ile ni ofisi ingine."

Siku ikafika. Hema, utepe, ngoma, spika kubwa zinazosikika hadi bondeni. Mwandishi wa redio, binti mmoja aitwaye Latifa, alikuwa akirusha matangazo moja kwa moja. Mheshimiwa akakata utepe, akashika kipaza sauti, akaiweka kando hotuba yangu.

"Kuanzia dakika hii, kituo iko nafanya kazi! Mama yeyote aje! Saa yoyote! Mi mwenyewe nitamupokea!"

Makofi yalikuwa hayajaisha tulipoona watu wanapanda kilima wakiwa na machela mabegani. Juu yake alilala mwanamke kijana, Jeska, ameuma kanga, jasho linamtiririka. Mumewe Thomas alikuwa mmoja wa wabebaji. Mbele yao alitembea mama yake Thomas, Ursula, mkulima, aliyekulia Tanzania kama mimi ila hakufaidika na lugha.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Ursula akihema. "Tulikuwa tunampeleka mjini. Tumefika pale chini tukasikia spika. Tukageuza."

"Mama," nikamwambia kwa upole, "leo ni uzinduzi."

"Tumesikia, hongereni. Kitanda kiko wapi?"

Mheshimiwa akanitazama. Nikapendekeza mgonjwa asubiri hadi burudani ikamilike. Jeska akapiga ukelele ambao haukuwa kwenye ratiba, ngoma zikanyamaza. Thomas akaweka machela chini, akausukuma mlango. Umati mzima ukachungulia pamoja naye: mifuko ya saruji, ngazi, na kuku aliyekuwa ametaga kwenye ndoo ya rangi.

"Mama," Thomas akasema, "humu ndani hamna kitu. Tumempotezea muda."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependelea wangepiga, kwa sababu kelele zina utaratibu wake. Walimtazama tu Mheshimiwa, na wanawake wakaanza kusogea mbele.

Latifa akainyoosha maikrofoni. "Mheshimiwa, wasikilizaji wanauliza: mama huyu anapokelewa ama hapokelewi?"

Niliona kitu kwenye uso wa Mheshimiwa ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Aliogopa. Alimtazama Jeska, akaitazama maikrofoni, na ule ufanyabiashara wa Muyinga, wa kutoruhusu mteja aondoke, ukamwokoa.

"Anapokelewa! Kituo iko na gari!"

Gari lenyewe lilikuwa lake. Esansi, yaani petroli, iliyokuwemo tuliitafuta kwa wiki nyingi, kama mnavyojua hali ilivyo. Jeska akalazwa kwenye viti vya ngozi, Ursula na Thomas wakapanda, dereva akaondoka mbio. Hawakufika hospitali. Karibu na kanisa la Mushasha, sista mmoja aliyekuwa akivuka barabara akasikia ukelele, akasimamisha gari, akapanda, na mtoto wa kike akazaliwa pale pale kiti cha nyuma, mzima, analia kwa nguvu. Mama naye alikuwa salama.

Mheshimiwa na sisi wa itifaki tulirudi Gitega kwa miguu, na viatu vyenye ncha. Njiani Latifa akampigia Mheshimiwa simu kumpa habari, naye, badala ya kushukuru na kunyamaza, akaomba arushwe tena hewani.

"Mnaona? Mtoto wa kwanza wa kituo! Bila kitanda, bila maji, bila mkunga! Ni uongozi, ile!"

Kesho yake simu ikalia ofisini. Alikuwa mkubwa wetu mmoja wa juu kabisa, ambaye itifaki inanikataza kumtaja.

"Sefu, nimekusikia redioni. Bila mkunga?"

"Bila kabisa, Excellence!"

"Na maji?"

"Hata tone!"

"Basi mtu kama wewe tunampoteza kwenye utepe. Nimekuteua Msimamizi Mkazi wa Kituo cha Uzazi cha Gishubi. Ulale huko huko. Na gari ni la kituo, umelitangaza mwenyewe."

"Excellence, mi niko..."

"Hongera sana."

Simu ikakatika. Mheshimiwa akapiga simu Muyinga. Akamwarifu mkewe. Hidaya alicheka mpaka mteja akamuuliza kama kuna msiba.

Tukapanda Gishubi na masanduku yetu, kwa kuwa Mkuu wa Itifaki humfuata bosi wake. Mlangoni walikuwa wamekaa wanawake wanne, wenye mimba zilizokomaa. Ursula alikuwa nao, mjukuu mgongoni.

"Karibu, Mheshimiwa. Hawa wamekusikia redioni."

"Mkunga iko wapi?" akauliza.

"Hilo ndilo wanalotaka kukuuliza wewe."

Mheshimiwa akavua koti. Akauliza maji yanapatikana wapi, akaonyeshwa bondeni, mbali sana. Ursula akamkabidhi dumu. Nilimweleza mama huyo kwamba kwa kanuni zetu, mimi hutembea hatua moja nyuma ya Mheshimiwa nikiwa mikono mitupu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akanipa dumu kubwa zaidi.