Kamati ya Upande wa Mbele

Wizara ilitangaza rasmi kwamba uhai ulianza.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti iliyokufa, pale ambapo kila mtu hupita akiitukana, kisha likasomwa redioni baada ya hali ya hewa. Lilisema kwamba viumbe wote wenye seli zaidi ya moja, wakiwemo wananchi, wametokana na mzazi mmoja wa kale aliyeishi kwenye sakafu ya bahari. Mzazi huyo amepatikana, yu salama, na yuko chumba cha chini cha Idara ya Mambo ya Kale Sana. Mheshimiwa Waziri atamzindua Alhamisi. Wananchi waliombwa wawe watulivu.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Mkurugenzi wa Idara mwenyewe. Wafanyakazi walimwita Gundi, si mbele yake. Mwili wake ulikuwa wa mtu aliyeumbwa kwa ajili ya kiti, na kiti nacho kilikuwa kimemzoea hivyo hivyo. Alikuwa ameshahamishwa idara kadhaa, na kila alikotoka mfagiaji aliweza kukuonyesha kwenye zulia alipokaa: alama nne za miguu ya kiti, na katikati yake duara lililolika. Yeye hilo halikumsumbua. Mtu huacha alama, alisema. Sasa alibakiza kuhama mara moja tu, kwenda ghorofa ya juu kabisa, kwenye ofisi ya Katibu Mkuu, ambayo ilikuwa wazi na ina dirisha linalofunguka. Waziri alikuwa amemdokeza: "Alhamisi ikienda vizuri, tutazungumza." Tangu siku hiyo Gundi alikuwa akilala anatabasamu, mpaka mkewe akaanza kumshuku.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa shemeji yake.

Mdogo wa kike wa mkewe ndiye aliyekuwa mtafiti wa visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizogeuka mawe. Jiwe lenyewe alilitoa kwa mikono yake kwenye machimbo, akalibeba mapajani safari nzima kama mtoto mwenye homa. Lilikuwa pana kama meza ya kahawa. Juu yake kulikuwa na alama ya mnyama bapa, mviringo, mwenye mistari mistari iliyopangana kama ukili, basi akamwita Mkeka. Kabla ya samaki, kabla ya jani la kwanza nchi kavu, wakati karibu uhai wote ulikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, Mkeka alikuwa tayari ana mwili.

"Shemeji, mimi sikusema ni mzazi wa wananchi," alilalamika, tangazo likiwa mkononi. "Nilisema ni mmoja wa wanyama wa mwanzo mwanzo. Huenda hakuacha mtoto hata mmoja."

"Usimwite mgumba mbele ya watu, shemeji. Tumeshatangaza."

"Na kile chumba kinavuja. Bomba la choo liko juu yake kabisa. Chuo kikuu wana chumba kikavu, wamekubali kumpokea leo leo."

Gundi aliona pale pale dirisha linalofunguka likijifunga. Mkeka akienda chuo kikuu, utepe utakatwa chuo kikuu, na picha zitapigwa chuo kikuu. Akamwomba shemeji akae, akamwagizia chai, na kabla chai haijapoa akawa ameshatunga kanuni. Aliisoma kwa sauti, kwa mapenzi:

"Kisukuku ni chochote kilichokaa mahali hadi sehemu zake laini zikaisha, kikabaki umbo. Kisukuku hakitaondoka mahali pake, kwa sababu yoyote, bila kibali cha Mlinzi wa Visukuku."

"Mlinzi ni nani?"

"Wewe. Nimekuteua sasa hivi. Hongera."

"Basi natoa kibali aende chuo kikuu."

"Kanuni itaanza kutumika Alhamisi, Waziri akishaibariki," alisema Gundi. "Mpaka hapo mwenye neno ni mimi." Alimteua kwa sababu jiwe likiibiwa lazima awepo wa kulaumiwa, na lawama ikikaa ndani ya familia haina haja ya kuandikiwa barua.

Tatizo la pili alilileta Afisa Itifaki, mwanamke mwembamba asiyecheka akiwa kazini. Alimzunguka Mkeka, akarudi alikotoka, akamzunguka tena.

"Mbele yake ni wapi?" aliuliza. "Mgeni rasmi hawezi kupewa mgongo."

Hakuna aliyejua. Ikaundwa Kamati ya Kubaini Upande wa Mbele. Waliteuliwa Afisa Itifaki kwa sababu ya adabu, Mhasibu kwa sababu kamati bila Mhasibu haipati chai, na Dereva kwa sababu kazi yake ni ya mambo ya mbele. Shemeji aliitwa kama mtaalamu mwalikwa, asiye na kura.

"Kichwa kiko wapi, tuanzie hapo," alisema Afisa Itifaki.

"Hana kichwa."

"Mdomo?"

"Hana."

"Sasa alikuwa anakulaje?" aliuliza Mhasibu, akiweka kikombe chini.

"Alikuwa analala juu ya utando wa vijidudu uliotanda kwenye matope. Anaunyonya kwa tumbo zima. Ukiisha chini yake, anajisogeza kidogo, analala tena. Hizi alama hafifu mnazoziona hapa na hapa, ni pale alipokuwa amelala mwanzo."

Wajumbe waliinamia jiwe. Kweli, nyuma ya Mkeka, au mbele yake, kulikuwa na vivuli vyake, kama mtu aliyenyanyuka kitandani akaacha umbo.

"Bila kutafuna," alisema Mhasibu taratibu.

"Bila kutafuna."

"Na hakuna mtu aliyekuwa anamsumbua?"

"Hakukuwa na wa kumsumbua. Wenye meno walikuwa hawajatokea."

Wajumbe waliliinamia jiwe tena, kama watu wazima wanaokumbuka kitu ambacho hawajawahi kukipata.

"Mbele ni kule kitu kinakokwenda," alisema Dereva hatimaye. "Sasa huyu alikuwa anaenda wapi?"

"Kwenye chakula."

"Chakula kilikuwa upande gani?"

"Kila upande."

"Basi huyo ana mbele pande zote," alisema Dereva. "Mbele pande zote, magari yakizunguka, hiyo ni kipilefti."

Kamati iliahirishwa ili itafakari. Gundi alipoletewa matokeo, alikasirika kwa kiasi kinachoruhusiwa na cheo chake, kisha akapata wazo. Akamwagiza fundi anayechonga mawe ya makaburi aje Alhamisi asubuhi na patasi zake. Amchonge Mkeka macho mawili na mdomo. Tabasamu liwe la wastani.

Shemeji alipopata habari alipanda ngazi zote mbio, akaingia bila kubisha.

"Shemeji, ukimchonga utamuua!"

"Si alishakufa?"

"Alikufa, akabaki shahidi. Hilo jiwe ni ushahidi wa jinsi mwili ulivyoanza, wako na wangu. Ukiligusa na patasi linakuwa sanamu. Hakuna mtafiti duniani atakayeliamini tena. Bahari imelilalia, milima imelikunja, wachimba kokoto wamelikosa kosa, halafu lije kufia kwa kamati?"

"Kanuni inakataza kuhamisha. Kuchonga si kuhamisha." Alikunja mikono tumboni. "Wewe niandikie wasifu wake, nitausoma mwenyewe mbele ya Waziri. Lugha ya kiofisi, tafadhali. Mambo ya utando na matope uyavalishe suti."

Jioni, nyumbani, mkewe alimwekea sahani mezani kwa kishindo.

"Mdogo wangu hali, hanywi, kwa ajili ya hilo jiwe lako."

"Ni jiwe la taifa, mama watoto."

"Basi leo lipigie simu taifa lije likukune mgongo."

Alhamisi ilifika. Fundi wa makaburi alishuka chumba cha chini na mkoba wake, akamkuta shemeji amelala kifudifudi juu ya jiwe, kanga imefunika mistari yote, amelikumbatia.

"Dada, mimi huchonga juu ya wafu," alisema fundi. "Juu ya watu hai bado sijaanza." Akakaa kwenye ngazi, akasubiri maelekezo.

Maelekezo hayakuwahi. Waziri alifika mapema, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba na hivyo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo. Viti vilishushwa haraka haraka, shemeji akanyanyuliwa, Mkeka akafunikwa kitambaa. Waandishi wa habari walijibana ukutani, wafanyakazi wakajaa mpaka kwenye ngazi. Jiwe lilikuwa bado halina uso. Gundi aliwaza upesi: wasifu ukiwa mzuri, nani atauliza habari za uso? Akapokea karatasi kutoka kwa shemeji. Hakuwa ameisoma kabla, kwani kusoma kabla ni kazi ya wasaidizi. Akakohoa.

"Mheshimiwa Waziri! Marehemu alikuwa kiumbe mtulivu, aliyejitolea maisha yake yote kukaa."

Waandishi wakaanza kuandika.

"Kila kituo alichopangiwa, alikilalia kikamilifu. Rasilimali zilizokuwa chini yake alizitumia zote. Zilipokwisha, alihamia kituo kingine, akaacha nyuma alama ya umbo lake, ambayo inaonekana hadi leo."

Pale kwenye ngazi mfagiaji alifunika mdomo kwa kitambaa cha vumbi.

"Hakuwa na macho, hivyo hakuona tatizo lolote. Hakuwa na masikio, hivyo hakupokea malalamiko. Hakuwa na uti wa mgongo, na hakuna rekodi kwamba aliwahi kuuhitaji."

Gundi alitoa leso mfukoni. Maneno yalikuwa yamemgusa. Alishusha karatasi, akaendelea kwa yake mwenyewe, jicho limelowa:

"Mheshimiwa, tuseme ukweli. Mimi kila nikimwangalia huyu, najiona. Mimi na yeye tofauti yetu ni tai tu!"

Kicheko kilianzia kwa Dereva, kikamrukia Mhasibu, kikapanda ngazi. Afisa Itifaki, asiyecheka akiwa kazini, aliomba ruhusa ya dharura ya nusu dakika, akageukia ukuta. Waziri peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Gundi kwa makini, kama mnunuzi sokoni.

"Kuhusu vitu vya namna hii," aliuliza, "kanuni mnayo?"

"Ipo, Mheshimiwa! Nimeitunga mwenyewe." Akaisoma kwa kichwa, bila kukosea: kilichokaa mahali, sehemu laini zikaisha, kikabaki umbo, hakitaondoka.

"Kanuni nzuri," alisema Waziri. "Naibariki, ianze sasa hivi." Akachukua mkasi, akakata utepe. "Kwa furaha kubwa navizindua visukuku vyote viwili."

Makofi yalipigwa. Gundi naye alipiga, mpaka viganja vyake vikakumbuka kuhesabu: jiwe lilikuwa moja.

"Mheshimiwa, na ile ofisi ya juu? Ya Katibu Mkuu?"

"Huko ni kuhama, Mkurugenzi. Zungumza na Mlinzi wako."

Kibali cha kwanza alichotoa Mlinzi wa Visukuku kilikuwa cha Mkeka, ambaye jioni ile ile alipelekwa chuo kikuu, mapajani, hana jicho wala tabasamu. Cha pili bado kinashughulikiwa. Huko wizarani, wakuu wa idara nyingine siku hizi hawaonekani vitini. Wanatembea kwenye korido kutwa, mafaili kwapani, na Waziri mwenyewe huendesha vikao akiwa amesimama.

Gundi yuko palepale ofisini kwake, na kamba nyekundu imezungushwa mbele ya meza. Wageni hupita kwa mstari. Anaruhusiwa kwenda nyumbani jioni, kwa mkopo, na arudishwe asubuhi katika hali ile ile.

Juzi mkewe alimletea chakula cha mchana. Askari wa mlangoni akamwambia apange foleni na asiguse maonyesho. Alipofika kwenye kamba alisimama na bakuli lake, akamtazama mumewe upande huu, akamtazama upande ule.

"Mdogo wangu," alimwita Mlinzi, "na huyu, mbele yake ni wapi?"

"Vumilia, dada. Kamati bado inakaa."