Kliniki ya Mtandao ya Gatsata

Kabla mtandao wa kasi haujafika Gatsata, watu wa huko waliumwa kichwa tu. Walipopata simu za kulipa kidogo kidogo, kichwa kikaanza kuwa na majina marefu. Mtu akihisi kizunguzungu asubuhi, ikifika saa sita simu imeshamchimbia kaburi. Libère, muuza kava za simu aliyekulia Bujumbura, aliyaona hayo akiwa kando ya barabara inayoteremka Nyabugogo, na moyo ukamwambia kwamba hofu nyingi namna hiyo haifai kuachwa bila mwenyewe.

Akanunua kipima sukari kilichokwisha kutumika, akakodi chumba ubavuni mwa duka la matunda, akaandika mlangoni: Kliniki ya Mtandao. Daktari alipatikana bila shida. Rafiki yake wa utotoni, Jean-Berchmans, alikuwa mpaka rangi kwenye majumba yanayojengwa Kinyinya. Ukuta mweupe nyuma yake, koti jeupe la kazi mwilini, miwani ya kuazima puani, na kwenye kioo cha simu akatokea Daktari Rodney wa Kanada.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Silvère, fundi mwashi mstaafu mwenye kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona.

"Hii mashini haidanganyi, mzee," Libère alisema, akimtoboa kidole cha mkono. "Ona. Mia tatu na kumi. Sukari iko juu sana. Ngoja tuulize muganga."

Muganga aliguna, akatazama juu, ambako kulikuwa na ngazi tu na ndoo ya rangi. "Umewahi, mzee. Dawa iko hapo kwa Libère. Vijiko viwili kila siku, na kituo cha afya usiende, watakuchanganyia dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa muhogo uliotiwa majivu kidogo, ili uwe na sura ya kisayansi.

Jambo moja lilimshangaza Libère, naye akalihesabu kuwa neema: karibu kila aliyempima alikuwa na sukari. Hakujua kile ambacho kila muuguzi anakijua, kwamba kidole huoshwa kabla ya kutobolewa. Wateja wake walisubiri zamu wakila mananasi ya jirani, maji ya nanasi yakiwachuruzika mpaka kwenye viwiko, na mashini ikawa inapima nanasi. Mzee Silvère alikuwa anaumwa kweli, masikini. Wengi wa wengine waliumwa tunda. Tapeli wetu aliamini kwamba anadanganya kuhusu dawa tu, na kuhusu ugonjwa yeye ni mkweli kama padri.

Baada ya miezi mitatu alinunua pikipiki. Kabla ya kuuza kava, miaka tisa alikuwa ameendesha pikipiki za watu. Hii ilikuwa na kadi ya njano, ile ya umiliki, yenye jina lake, na kila asubuhi aliisugua kwa mapenzi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuyaonja.

Alhamisi moja wateja walichelewa. Libère akala nusu nanasi, akajitoboa kidole kwa kupoteza muda. Mia tatu arobaini na moja. Akarudia. Mia tatu hamsini. Akaiuliza simu, nayo ikamweleza habari za macho, kisha figo, kisha miguu, na za miguu zilikuwa na picha. Libère akaogopa kweli. Kituo cha afya kilimshinda, maana pesa ya mituweli, ile bima ya afya, hakuwahi kulipa, na pale angekutana na maswali. Akamtumia ujumbe wa sauti daktari pekee aliyekuwa naye.

"Ndugu yangu, minakufa. Sukari imenipanda. Nisaidie, muganga."

Kilichomponza ni lile neno la mwisho. Jean-Berchmans, ambaye kwa kila mgonjwa alilipwa sahani moja ya maharage, aliusikiliza ujumbe mara mbili. Kisha akavaa miwani, akapiga simu ya video.

"Iko dawa ya kweli, Libère. Mtu wa Kampala anayo. Ila anataka kitu kizito."

"Kitu gani?"

"Pikipiki."

"Pikipiki yangu? Hapana."

"Sasa utaiendesha na mguu gani?"

Libère akaitazama miguu yake. Jioni ile ile alimkabidhi Jean-Berchmans ufunguo na kadi ya njano, akapewa mfuko. Asubuhi aliufungua akanusa. Muhogo. Hata majivu hayakuongezwa. Akapiga simu ya Jean-Berchmans, haikupatikana. Pikipiki imekwenda na ugonjwa umebaki. Akateremka kituo cha afya kwa miguu.

Muuguzi Gahongayire, mama aliyekulia Ngara na asiyependa hadithi ndefu, alimwonyesha bomba. "Kanawe mikono kwa sabuni."

"Mimi ni mgonjwa, mama, si mchafu."

"Kanawe."

Akanawa, huku akieleza alivyojipima. Tisini na mbili.

"Wewe ni mzima," alisema Gahongayire. "Siku ile ulikula nini kabla ya kujipima?"

"Nanasi."

"Basi mlete huyo nanasi, tumwanzishie matibabu."

Libère alitoka barazani akitaka kumkumbatia kila mtu kwenye foleni. Hapo akasikia sauti yake mwenyewe ikilia: minakufa, nisaidie, muganga. Ilitoka kwenye simu ya Mzee Silvère, ambaye binti yake alikuwa amemleta kwa nguvu, mguu umefungwa kitambaa hadi kifundoni. Chini ya sauti Daktari Rodney alikuwa ameandika kwamba hata Libère amepona kwa dawa yake, na kwamba yeye daktari mwenyewe sasa anatibu Busanza. Ujumbe ulikuwa umeshafika kwa wateja wote.

"Mzee, ule ni unga wa muhogo," Libère alisema. "Nimeuchanganya kwa mikono yangu."

Silvère alimtazama kwa huruma. "Lakini hii sauti iko yako."

"Ni yangu, ila..."

"Na leo uko mzima. Muuguzi amesema, nimesikia."

Gahongayire alichungulia mlangoni. "Mshikeni mzee huyo. Ule mguu ukikaa wiki moja tena tutaukata."

Libère akamshika mzee mkono wa koti. Akamwaga maneno yote matamu aliyowahi kuuzia unga ule, akaapa kwa mama yake, macho yakamlenga machozi ya kweli. Mzee Silvère alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamwambia kwamba wivu wa biashara si kitu kizuri, akajinasua taratibu, akamwita binti yake waende wakapande basi la Busanza.