Maandishi ya Chini kwa Mzee Muoki

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Leo Mungu amenikumbuka. Amemtumia Rachael, katibu wa kanisa letu la Makongeni, Thika, ambaye kwa kawaida huwa hatumwi na yeyote kuleta jambo jema.

Rachael alienda semina Nairobi akarudi na sheria. Baada ya ibada alitutangazia kwamba video za mtandaoni sasa zinatakiwa kuwa na maandishi ya chini, ili wasiosikia wasome kinachosemwa. Na si maandishi ya kubahatisha. Yawe sahihi. Yaende sambamba na maneno. Yafike mwisho wa video. Yasifunike uso wa anayeongea. Tena TV na simu ziwe na kitufe cha kuyawasha na kuyazima. Alihesabu kwa vidole kana kwamba sheria yenyewe ameitunga yeye.

Watu walipiga miayo. Mimi nikainua mkono. Nina studio Ruiru (chumba, kamera, pazia la kijani), nikasema nitafanya kazi hiyo bure, kama utumishi. Wakanipigia makofi. Muema, kiongozi wa kwaya, hakupiga.

Utumishi! Kanisa zima lina kiziwi mmoja tu, Mzee Muoki, ambaye magoti yake yamegoma na siku hizi ibada anaitazama kwenye TV nyumbani. Na Mzee Muoki ana binti anayeitwa Ndanu. Nataka kumwoa Ndanu. Muema naye anataka. Sasa kila neno la kanisani litakalomfikia mzee litapitia kwenye vidole vyangu. Sijui kwa nini watu hudharau sheria.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeenda kwa kina Ndanu "kumwonyesha Mzee jinsi ya kuwasha maandishi". Mzee alifuma nguo kiwandani tangu ujana wake, mpaka mashine zikamla masikio. Kuongea anaongea vizuri, kwa sauti ya kumwita mtu aliye Garissa. Alinishika mkono akasema kwa miaka mingi amekuwa akipata nusu ya mahubiri, na sasa atapata yote. Macho yakamlowa. Mimi pia niliguswa, kwa muda mfupi.

Ndanu huongea na babake kwa adabu ya ajabu. Pole pole, hata sauti haitoki. Mke ndiye huyo!

Waliandaa muthokoi na nyama. Mzee akajipakulia nyama yote. Nikamtabasamia vizuri, nikamwambia kwa upole kwamba sijawahi kuona mlafi kama yeye. Akatikisa kichwa kukubali, akanitabasamia pia. Kuishi na kiziwi kuna raha zake.

Nikitoka nimeona nyanya wawili wa mtaa, nao walikuwa wafumaji zamani, wamesimama huyu upande huu wa barabara na yule upande ule. Wanatazamana. Midomo inaenda, sauti hakuna. Sijui walikuwa wakitafuna nini. Uzee jamani!

Jumapili, 12 Oktoba

Kamera leo niliiweka karibu na uso wa Pasta Njau, hata meno unaweza kuyahesabu. Mimi ni fundi, lazima nijisifu mwenyewe.

Halafu Pasta akaharibu. Akamshukuru Muema mbele ya kanisa zima. Eti alipanda juu ya paa akaziba panapovuja. Eti kijana wa mfano. Muema alijifanya anaona haya. Nilirudi Ruiru nikiwa na homa ya wivu.

Mahubiri yalikuwa marefu, nikayafupisha: "Mungu ni mwema. Tutubu." Lakini pale kwenye paa nilichukua muda wangu. Nimeondoa jina la Muema, nikaweka langu: "Namshukuru Gathogo. Alipanda juu ya paa. Ni kijana wa mfano." Kusema kweli mimi huogopa hata kupanda kiti. Lakini nani atajua? Wenye masikio hawawashi maandishi.

Jumatano, 15 Oktoba

Rachael amepiga simu. Mzee Muoki anaitazama video ya Jumapili kila siku! Anacheka mpaka majirani wanamsikia. Rachael akataka kujua ni wapi kwenye mahubiri ya toba panapochekesha. Nikamwambia hiyo ni furaha ya wokovu. Simu imekatika, au ameikata.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku mbaya. Wakati wa matangazo Muema alisimama, akaikazia macho kamera (kamera yangu!) akasema Jumamosi atatuma wazee wake kwa Mzee Muoki kumwomba Ndanu. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Ndanu aliinama akitabasamu. Nadhani alikuwa akimhurumia.

Sikula. Nimefungua kompyuta moja kwa moja. Chini ya Muema nimeandika: "Ndugu zangu, nimepata kazi Mombasa. Sirudi tena. Ndanu atafutiwe mtu mwingine. Gathogo angefaa."

Nimesoma tena. Ni Muema kabisa. Hata nimemwonea huruma kidogo, kuhama ghafla hivyo.

Jumatatu, 20 Oktoba. Sikukuu ya Mashujaa

Mzee ameniita nyumbani! Nikavaa suti. Nikabeba mkate na sukari, kama mkwe.

Aliniketisha karibu naye kwenye kochi. Ndanu akaleta chai. Muema hakuwepo, nikaona njia ni nyeupe. TV ikawashwa, Muema akatokea, na chini yake maneno yangu. Mzee akayasoma yote kwa ile sauti ya Garissa, mpaka "Gathogo angefaa".

Kisha akachukua rimoti akabonyeza kile kitufe, kile kile nilichomfundisha mimi. Maandishi yakazimika. Akazima na sauti. Akarudisha video nyuma, akautazama mdomo wa Muema, akasema kila neno alilosema Muema, hata pale alipokohoa.

Ngai wangu!

Akanieleza. Kule kiwandani mashine zilikuwa na kelele, hata ukipiga mayowe hakuna wa kukusikia. Basi kila mfumaji alijifunza kusoma midomo. Wazee wengi wa Makongeni wanaongea hivyo mpaka leo. Wale nyanya hawakuwa wakitafuna kitu. Adabu ya Ndanu haikuwa adabu. Akaongeza kwamba yule mlafi anasalimia.

Halafu akaacha kucheka. Akasema midomo humpa nusu tu, kwa sababu Pasta akigeuka, yeye hubaki bila kitu. Nusu ile nyingine ndiyo alikuwa akiningoja nimletee.

"Kijana, mimi nilitaka mahubiri," akasema. "Wewe ukaniletea paa."

Safari hii hakupaza sauti. Nilitazama chai yangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutaka kuingia chini ya kochi na suti yako.

Ndanu sipewi. Lakini kazi ya maandishi siachishwi pia. Jumamosi wazee wa Muema wakija, mimi ndiye nitakayewapiga video, niandike kila watakachosema, sahihi, mpaka mwisho, maana Mzee hataki kukosa hata neno la siku hiyo. Nikaahidi kwa moyo wote.

Nilipokuwa nikiaga, Ndanu alinitazama, akamgeukia babake, akamwambia kitu bila sauti. Wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika. Nimeuliza alisema nini. Wakazidi kucheka.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeomba. Nimetafakari. Nimekiri kwamba nilikosea, na kosa nimeliona: kamera ilikuwa karibu mno.

Wazee wa Muema bado hawajafungua mdomo. Mengi yanaweza kuharibika Jumamosi, ikiandikwa vizuri. Nimepita Thika mjini nikanunua maikrofoni ya kushika mkononi, yenye sponji nyeusi, kubwa kama kabeji. Kila atakayeongea nitamshikisha, mdomoni kabisa. Ni kwa ajili ya ubora wa sauti.

Nimempigia Rachael anisomee tena ile sheria, kwa sababu sasa nimeokoka. Amenisomea yote. Inakataza maandishi kufunika uso wa anayeongea.

Maikrofoni haijatajwa popote.