Mpira wa Hewa Uliotunyang'anya Krismasi

Buruburu, Awamu ya Tatu

Kwa Katibu wa Chama cha Familia,

Ndugu Katibu,

Nakuandikia kama mwanachama, si kama mjomba wako, ingawa ukiona mahali nimekuita Tobias ujue mjomba amepenya. Natumaini kamati yote ni nzima. Nina malalamiko kuhusu mpira wa hewa.

Najua utashangaa. Nikiwauliza wanachama ni nini kilichotushinda siku ile kule Ruai, wengine husema ni uzee, wengine hutaja magoti yangu, na mwanangu Wafula alisema mbele ya watoto kwamba nilikuwa naongea sana. Hakuna hata mmoja aliyetazama chombo chenyewe. Niruhusu nieleze polepole, kwa kuwa wewe ulibaki nyuma ukichoma nyama na hukuona.

Ule mchezo wa kurushiana rangi kwa bunduki hauendeshwi na baruti. Huendeshwa na hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi. Mtungi una uzito wake, kwa hiyo mtu mwenye busara huufunga mgongoni, na hewa husafiri ndani ya mpira, ikipita chini ya kwapa hadi kwenye bunduki. Bunduki ikiwa nzuri na mpira ukiwa mbaya, ulichobeba ni fimbo.

Na unajua tulichokuwa tukipigania. Tangu Wafula azaliwe, Krismasi ya familia huliwa kwangu. Mwaka huu vijana walipendekeza kwamba upande utakaoshinda, wangu wa Buruburu, nikiwa nahodha, au wao wa Kware, ndio utakaoandaa. Kamati ikakubali, nami nikakubali, maana sikujua tutapewa mipira gani. Sasa natakiwa kupanda hadi ghorofa ya saba, nyumbani kwa Wafula na mkewe Lorine, katika jengo ambalo lifti yake ni shimo lenye mlango. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpira wangu ulikuwa mfupi. Mpira wa hewa hupimwa kama suruali. Unaanzia kiunoni, unapita chini ya kwapa, unafika kwenye mkono ulionyooshwa, kisha unaongeza shibiri moja ili mtu aweze kupumua. Nilimweleza hayo Nthoki, yule msichana anayegawa vifaa pale uwanjani, naye akanijibu, "Mzee, hiyo iko sawa, wewe ingia tu, wenzako wanangoja." Nikamuuliza umepimwa kwa mwili wa nani. Akasema ni wa watu wote. Tobias, mimi nimeishi miaka mingi na sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Watu Wote. Matokeo yake, ili bunduki ifike usawa wa jicho, ilibidi jicho liifuate bunduki. Niliinama. Tafadhali kamati iandike hilo la kuinama, kwa sababu tutalihitaji chini kidogo.

2. Mpira wenyewe ulikuwa wa kunyooka, si wa kujikunja. Ule unaofaa hujikunja kama waya wa simu za zamani za ofisini: ukinyoosha mkono unakufuata, ukiurudisha unarudi na adabu yake. Wangu ulining'inia ubavuni kama kamba ya mbuzi, ukanasa kwenye pipa la kujifichia. Nilisimama pale nikiwa nimefungwa kwenye pipa mbele ya maadui, na mke wangu, ambaye alikuwa upande wangu, akaniuliza kwa sauti kama tayari nimeuzwa.

3. Ulivuja. Ndani ya kichwa cha mpira kuna pete ndogo laini inayozuia hewa isitoroke, na pete yangu ilikuwa imechakaa. Nilijificha nyuma ya magurudumu ya lori kwa ustadi mkubwa, ila nilisikika kama sufuria ya presha yenye maharagwe. Mtu mmoja wa Kware alipita akasema, "Mzee, umeiva." Hakunipiga hata. Alicheka akaenda zake, na hilo liliniuma zaidi.

4. Natumia mkono wa kushoto. Hakuna aliyeuliza.

5. Hili ndilo zito, nami naliandika kwa heshima zote. Kile kichwa cha mpira huchomekwa mgongoni, mahali ambapo mkono wa mwenye mgongo haufiki. Ni lazima uchomekewe na mtu. Nikiwa pale kwenye magurudumu kikachomoka, na aliyekuwa karibu ni Lorine, mke wa mwanangu. Nawe unajua desturi yetu. Mke wa mwanangu hanishiki hata mkono wa salamu, sembuse mgongo. Tukasimama, kila mmoja akitazama upande wake.

"Baba, samahani," akasema, "kuna kitu kimechomoka hapo nyuma."

"Nimesikia, mama."

"Nimwite Wafula akurudishie?"

"Wafula ni adui."

"Hata mimi ni adui, baba."

Lilikuwa jibu la kweli na lenye adabu, na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, nilitumia nafasi hiyo kumweleza tofauti ya mipira. Alisikiliza vizuri kuliko mwanachama yeyote. Alisema "kumbe" mahali panapostahili. Akauliza, "Kwa hiyo, baba, ule mfupi unamfanya mtu akae vipi?" Nikamwonyesha. Niliinama, kama nilivyoeleza katika namba moja. Hapo akasema, "Utanisamehe, baba," akanipiga rangi ya chungwa mahali ambapo siwezi kupataja katika barua ya chama. Upande wetu nilikuwa nimesalia mimi peke yangu, kwa hiyo mchezo ukaishia hapo. Namsifu kwa jambo moja: alirudi nyuma kwanza, akaacha umbali unaofaa kati ya mkwe na mkwe.

Sasa nisaidie kufikiri. Bunduki isiyo na hewa si bunduki. Asiye na bunduki si mchezaji. Asiye mchezaji lakini yumo uwanjani, huyo ni mgeni. Basi Lorine hakumpiga nahodha wa Buruburu. Alimpiga mgeni, tena mgeni aliyekuwa akimfundisha, na ushindi unaotokana na kumpiga mgeni sijausikia katika ukoo wowote.

Kwa hiyo naomba kamati iufute ushindi huo na Krismasi irudi Buruburu. Naomba kila mwanachama ashonewe mpira wake kwa vipimo, na fundi cherehani atafutwe kule Shauri Moyo, mtu asiye na undugu na upande wowote. Naomba pia kuwe na mpira maalumu wa wakwe, mrefu kiasi kwamba mtungi unabaki kwenye benchi, nje ya uwanja, ukilindwa na mtu anayeruhusiwa kuushika. Ikiwa mpira huo utakuwa mrefu hata mzee akaweza kucheza akiwa kwenye kiti barazani kwake, mimi sitapinga.

Nisalimie mama yako, mwambie kaka yake bado anasimama wima. Wasalimie wajumbe wote, na wale walionipigia makofi nikiwa kwenye pipa wasalimie pia, kwa kuwa nimewasamehe.

Ni mimi, mwanachama wako mvumilivu,

Patrobas Nalianya

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha simu ilipolia. Ni ujumbe wa Lorine. Anasema, "Baba, mwaka ujao tunaomba uje upande wetu utuchagulie mipira. Hakuna mwingine anayeelewa. Na Krismasi nimeweka kiti kila ghorofa ili upumzike ukipanda. Majirani wameshaambiwa unakuja, na wana maswali." Nimefikiri, nimekubali. Wafula amehamishiwa upande wa Buruburu kuchukua nafasi yangu. Kwa hiyo, Tobias, usiisomee kamati barua hii. Na ile mipira mifupi inayovuja isiguswe. Itunzwe mahali pakavu, apewe Wafula.