Banda Linalojipasha Moto

Jumatatu, 7 Aprili
Kewanja. Mvua. Miezi saba nachimba misingi ya nyumba za watu; mgongo umegoma. Sasa Mama Waisiko kaleta vifaranga mia mbili, anatafuta msimamizi wa banda. Kazi ya kukaa! Ni mimi au Gidion, aliyemaliza kidato cha nne na hachoki kukisema. Mimi niliishia cha pili, kwetu Kasulu. Mama anauliza: jiko la mkaa likizimika, banda linapoteza nyuzi ngapi za Selsiasi kwa saa? Kipimajoto alichopewa na dada yake wa Migori kinasoma Farenhaiti tu.

Jumanne, 8 Aprili
Nilizima jiko, nikakaa saa nzima. Kipimajoto kimeshuka nyuzi tisa. Kanuni ninayo, iliingia kwa fimbo: toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Jibu: hasi kumi na tatu, karibu. Nikawaza sana. Kupoteza hasi ni kupata! Banda bila moto linajipasha lenyewe! Wasomi hawajaligundua hili. Nikamwambia Mama mkaa hauhitajiki. Akaniangalia, akasema haya baba, nakuamini.

Jumatano, 9 Aprili
Tangu asubuhi bila moto. Mchana vifaranga wamerundikana pembeni, wanalia. Wanne wa chini wamekufa. Wa tano nilimtia ndani ya shati mpaka akafumbua jicho. Mwepesi, kama si kitu. Aliye mbali na kwao anaijua baridi hiyo.
Gidion akawasha jiko huku akicheka. Mura, akasema, ndivyo wanavyomwita kijana huku, unapima kushuka, thelathini na mbili ya nini? Tisa zako za Farenhaiti ni tano za Selsiasi, basi. Mama hakucheka. Kasema nimebakiza siku moja.

Alhamisi, 10 Aprili
Gidion kaenda Sirari. Banda ni langu. Nimeapa: thelathini na mbili sitaitoa tena maishani. Mama anataka joto la nyuzi thelathini na tano za Selsiasi. Jiko linawaka, kipimajoto kinasema tisini na tano. Mara tano, gawanya kwa tisa. Hamsini na tatu! Wanaiva! Nimemwagia jiko maji, nimefungua madirisha yote. Upepo safi unaingia. Vifaranga wamekimbilia kona moja, wamekumbatiana. Furaha hiyo!
Mama Waisiko anakuja mbio, mwiko mkononi. Naweka kalamu chini nikapokee pongezi.