Yah: Ombi la Kurudishiwa Mume Anayekubali Kushonewa Kifungo

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Programu,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule kijana wako wa meza ya dirishani, mrefu, msahaulifu wa chaja. Hatujawahi kuonana, ila nakufahamu vizuri, maana kila kinachoharibika nyumbani kwangu siku hizi chanzo chake ni wewe.

Mwaka huu uliwaamuru vijana wako waache lugha ya kompyuta waliyoizoea, watengeneze kurasa za mtandaoni kwa lugha mpya ambayo ndani yake kila kitu ni fomula. Sina ugomvi na kurasa. Nimeelezwa kwamba mteja akibonyeza kitufe, lugha hiyo haibadilishi chochote kilichokuwepo. Inapokea ujumbe, inatengeneza hali mpya pembeni, halafu inachora ukurasa upya, na mambo hayagongani. Hongereni. Tatizo ni kwamba mume wangu ameileta nyumbani. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kifungo cha shati lake la kijivu kilidondoka. Nikachukua sindano, kazi ya dakika moja. Akaruka kana kwamba nataka kumchoma yeye. Shati, alisema, likishakuwa shati haliguswi. Nimshonee jingine linalofanana na lile kwa kila kitu, isipokuwa kifungo kiwepo. Nikashona, kwa sababu nampenda na nilidhani ni homa. Kesho yake likaingia wino. Jingine! Sasa kabati limejaa mashati ya kijivu, na wateja wangu wanasubiri sare za watoto wao. Lile la kwanza hata tambara la kudekia haruhusu nilifanye.

2. Hakuna anayeruhusiwa kufanya jambo ndani ya nyumba bila kuandika kikaratasi na kukitumbukiza kwenye kikapu juu ya friji. Anavisoma kimoja kimoja, kwa foleni. Juzi mama mkwe, yaani mama yake wa kumzaa, alipaliwa na maji. Maskini, akaandika. Kikaratasi chake kilikuwa nyuma ya cha sukari. Mama ni mzima, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo anakunywa maji kwa jirani.

3. Hafanyi kazi tena. Anatoa maelezo ya kazi. Nikimwomba atoe takataka, anasimama wima katikati ya sebule, anatangaza kwamba takataka zitolewe, kisha anakaa. Nilipomuuliza nani atazitoa, akanijibu kwa upole kwamba yeye sasa ni kama fomula, lazima abaki safi, utekelezaji ni wa mfumo unaomzunguka. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Mfumo unaomzunguka ni mimi.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilimuuliza kama bado ananipenda. Akasema swali lilelile huleta jibu lilelile siku zote, na jibu alishalitoa siku ya harusi. Nililia, Mheshimiwa. Nililia juu ya sare za watu, ikabidi nizipige pasi upya.

Nimemwambia Jumamosi nahamia kwa dada yangu. Akaniomba niandike kikaratasi.

Kwa hiyo naomba umrudishe kwenye ile lugha ya zamani. Ni kweli programu zilikuwa zinaanguka kila kukicha, na alikuwa anarudi macho yamemvimba, anailaani kompyuta mpaka mlangoni. Lakini alikuwa anavaa shati lenye kifungo cha rangi nyingine bila neno, na kunikumbatia bila foleni.

Kama hilo haliwezekani, basi tukubaliane kwamba nyumba yangu ni tawi la ofisi yako. Tawi lina mtekelezaji mmoja tu, hivyo mimi ndiye mkuu wa tawi. Na kwa kuwa nasikia wewe pia kutwa nzima unatoa maelezo ya kazi bila kuigusa, ni wazi kwamba ofisi nzima inamhitaji mtekelezaji, na mtekelezaji tumeshamjua. Naomba uniachie kiti chako kabla ya Jumamosi. Nitakuja na mto wangu, mgongo unanisumbua.

Nakutakia kazi njema kwa siku zilizobaki. Unisalimie mhasibu, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi anayenipigia simu kuhusu chaja.

Wako katika utekelezaji,
Mke wa Meza ya Dirishani

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, mume wangu ametoka chumbani amevaa lile shati la kwanza, lisilo na kifungo. Amesema faida ya kutofuta kitu ni kwamba mtu anaweza kurudi popote alipopita, na yeye amerudi siku ile ya kifungo, kabla hajaniliza. Kisha, bila kikaratasi, akanipa sindano kwa mkono wake, akaniomba nishone palepale, kwenye shati lilelile, mradi nisiende kwa dada. Nimeishika sindano, nimelitazama shati, na nimejisikia mwenyewe nikimkataza: asiliguse mtu, hilo ndilo tutakalorudia siku nyingine tukikosana. Nitamshonea jingine.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, usiichane barua hii wala usiibadilishe. Itunze kama ilivyo, kisha ujiandikie nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, isipokuwa malalamiko.